Milango Miwili na Kibuyu Kimoja

Katika Jumba la Waliookotwa hapakuwa na saa ya ukutani. Watu walisoma wakati kwenye maji. Mbali kidogo na ngazi za jumba, mtumbwi mmoja ulizunguka mahali pale pale siku zote, na mzunguko wake mmoja ulihesabiwa kuwa saa moja. Aliyekaa ndani yake alijifunga kitambaa cheupe kichwani. Hakuna aliyelijua jina lake. Makarani walimwita Mshale, kwa kuwa alizunguka kama mshale wa saa, na walipotaka kujua kama wakati wa chai umefika, walichungulia dirishani wakaulizana, "Mshale umefika wapi?" Wakishajibiwa, walirudi kwenye majalada yao.

Asubuhi hiyo, kama kweli ilikuwa asubuhi, Sikudhani aliitwa na karani mkuu.

Sikudhani alikuwa mfasiri wa jumba. Mbele ya kioo cha masijala alikuwa na miaka thelathini na minne. Mbele ya maji alikuwa na miaka sita. Akishika kalamu, alikuwa mzee kuliko watu wote waliomtangulia. Jambo hili halikumsumbua, kwa sababu katika jumba lile umri ulikuwa kama kivuli, ulitegemea mtu amesimama wapi. Lililomsumbua ni moja tu: hakujua alikotoka. Alijua kwamba aliokotwa, kama walivyookotwa wote waliolala, waliopika na waliofanya kazi mle ndani. Hata jina lake lilikuwa ni mshangao wa yule aliyemwona kwanza, akasema "Sikudhani!" na karani aliyekuwa karibu akaliandika.

Karani mkuu, Bwana Mtengeti, alikuwa mtu wa rula. Alizungumza akiwa ameishika, na kila alipomaliza sentensi aliipitisha hewani, kana kwamba anaipigia mstari.

"Bi Sikudhani, umekunywa chai?"

"Nimekunywa, Bwana Mtengeti."

"Basi huna kisingizio. Nataka tumalize habari ya vibao vya milango."

Jumba lilikuwa na milango miwili mikubwa. Juu ya mlango wa kulia palichongwa neno la Kiingereza, flotsam. Juu ya ule wa kushoto palichongwa jingine, jetsam. Hakuna aliyekumbuka mchongaji. Mfasiri wa kabla ya Sikudhani aliyafasiri maneno yote mawili "Vilivyookotwa Majini", akavitundika vibao viwili vinavyofanana, akaenda kula chakula cha mchana. Hakurudi tena.

"Unaona matokeo yake," alisema Mtengeti. "Watu wanaingia popote. Juzi mtu kaja kutafuta cherehani ya marehemu mkewe, katoka na bibi wa watu."

"Nilisikia bibi mwenyewe alikataa kurudishwa."

"Alikataa! Eti kapata mahali penye upepo mzuri." Rula ilipita hewani. "Nipe maneno mawili yasiyofanana. Mshale ukimaliza mzunguko wa tatu kuanzia sasa, fundi ataujengea matofali mlango wa jetsam, pamoja na kadi zake na kila kilichomo. Sheria unaijua. Kilichoandikwa flotsam, jamaa zake wanaweza kukiulizia. Kilichoandikwa jetsam hakiulizi wala hakiuliziwi. Mlango wa kitu kisichouliziwa ni wa nini?"

Sikudhani aliinama kidogo, akaenda zake kwenye chumba cha vitabu.

Alikuwa na desturi moja katika kazi yake: hakulifasiri neno kabla ya kuliuliza lilikozaliwa. Alifungua kitabu kikuu cha sheria za mabaharia na kukisoma akiwa amesimama. Flotsam, kitabu kilisema, lilitoka katika Kifaransa kilichosemwa zamani kwenye mahakama za Waingereza, na ndani yake mna kuelea. Ni mali inayobaki juu ya maji baada ya chombo kuvunjika. Jetsam lilipitia njia hiyo hiyo, lakini asili yake ni nyingine, na mizizi yake inafika hadi kwenye Kilatini. Ndani yake mna kutupa. Ni mali ambayo mabaharia waliirusha wenyewe ili chombo kilichoelemewa kipate nafuu. Watu waliyachanganya kwa sababu yalizoea kutajwa pamoja, na kwa sababu vitu vyenyewe, vikifika ufukweni, havina tofauti. Vyote vimelowa, na mwenyewe hayupo.

Chini ya maneno hayo palikuwa na la tatu, kwa herufi ndogo. Sikudhani hakulisoma. Jumba lilikuwa na milango miwili.

Aliketi akafikiri, na fikra yake ilikuwa ndefu. Aliona kwamba maneno yale yametenganishwa na kitu kimoja tu, nacho ni mkono. Katika lile la kwanza hapakuwa na mkono: palikuwa na mwamba, au upepo, au ubao uliooza, kisha vitu vikajikuta majini bila mtu yeyote kuamua. Katika lile la pili mkono ulikuwapo. Ulinyooka, ukachagua, ukaachia. Na mkono hauchagui bila kulinganisha. Kabla ya kutupwa, kila kilichotupwa kiliwekwa sambamba na kitu kingine kikaonekana kuwa ndicho kinachoweza kukosekana. Kwa hiyo aliyeelea anaweza kusema, "Nilipotea," akapata usingizi. Lakini aliyetupwa hana wa kumlaumu ila yule yule aliyemshika vizuri zaidi. Je, mtu anaweza kuishi akijua kwamba alishikwa, akapimwa, akaachiwa? Au ni heri asijue, aite vyote kwa jina moja, aende kula chakula cha mchana kama alivyofanya yule mfasiri mwingine? Labda mwenzake hakuwa mvivu. Labda alielewa.

Hata hivyo kazi ni kazi. Aliandika kwenye karatasi: *Vilivyoelea. Vilivyotupwa.* Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, alitaka kuona mifano kwa macho yake. Nje, Mshale ulikuwa umemaliza mzunguko wa kwanza.

Aliingia kwa mlango wa kushoto. Rafu zilikwenda mbali kuliko jumba lenyewe. Kila kitu kilikuwa na kadi yake. *Jiwe la kusagia. Kina: pima mbili. Kamba: haikuwapo.* Hili lilitupwa, hakuna ubishi. *Sanduku la vitabu. Kina: pima tano. Kamba: imekatwa.* *Ngoma isiyo na ngozi. Kina: pima moja. Kamba: haikuwapo.* *Mlango wa nyumba, pamoja na ufunguo wake. Kina: pima nne. Kamba: imekatwa.* Alisoma kwa mpangilio, rafu kwa rafu, mpaka akafika kwenye beseni la shaba lililokuwa tupu, safi, limepinduliwa. Chini ya kitako chake palikuwa na alama iliyogongwa kwa msumari, nukta tatu ndani ya duara. Alichukua kadi.

*Beseni la shaba. Ndani yake, mtoto wa kike, hai. Kina: pima tatu. Kamba: imekatwa. Jina alilopewa: Sikudhani. Jetsam.*

Hai.

Pima tatu, na hai.

Aliyeniweka aliniweka kwa mikono miwili au kwa mmoja? Beseni halirushwi kwa mkono mmoja.

Jetsam. Nimelifasiri mwenyewe, sasa hivi, kwa wino wangu. Vilivyotupwa. Ni fasiri nzuri. Ni sahihi. Fundi ataijengea matofali.

Nilipimwa na nini? Gunia la chumvi? Mtoto mwingine?

Kamba. Kamba gani?

Alisimama pale mpaka mguu ukafa ganzi. Kisha akaiweka kadi kwapani na kurudi mbio ofisini, kinyume cha kanuni, kwa maana ndani ya jumba hakuna aliyekimbia.

Bwana Mtengeti alikuwa akinywa maji kutoka kwenye kibuyu cha ofisi, kile kilichoning'inia kwenye nguzo tangu enzi na enzi.

"Nani aliamua kuwa nilitupwa?" aliuliza Sikudhani.

Mtengeti alikirudisha kibuyu kwenye msumari wake, polepole. "Umeingia kule."

"Nimeingia. Nani aliamua?"

"Hakuna anayeamua, Bi Sikudhani. Tunapima. Kinachokutwa juu ya maji ni flotsam. Kinachokutwa chini ni jetsam. Wewe ulikutwa chini."

"Mtoto hawezi kuishi chini ya maji."

"Wapi? Hapa nusu ya watu wameishi huko. Usiniletee mambo ya kwingine."

"Na hii kamba iliyokatwa?"

"Kanuni ya kwanza ya mapokezi: kamba hukatwa. Kamba mbichi huozesha rafu." Aliipitisha rula hewani. "Usijitafutie maumivu. Andika vibao. Baada ya matofali, utasahau."

"Wewe umesahau nini?"

Mtengeti alichungulia dirishani kutazama Mshale, kama mtu anayeharakisha siku.

Aliyekata kamba zote alikuwa Bi Asteria, mama mwenye mikono mipana, mwoshaji wa kila kilichoingia. Alifanyia kazi uani, upande wa nyuma, ambako mimea itambaayo ilikuwa imepanda ukuta mzima, vibuyu vyake vikining'inia kijani na njano hadi kwenye vigae. Alikuwa ameinamia kasha, kisu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema? Umefukuzwa na jalada?"

"Mama, kamba unazozikata, mwisho wake huwa na nini?"

"Takataka tu. Vibuyu." Bi Asteria alicheka. "Kila kamba na kibuyu chake, kimezibwa kwa gunzi la muhindi, kinaelea huko juu kama kichwa cha kiboko. Navikata. Kikavu kizuri nakipeleka ofisini kiwe cha maji, kibovu nakipasua nazika mbegu. Kwani mlidhani vile vibuyu mnavyonywea vinanunuliwa? Na bustani hii nani aliipanda? Mimi na takataka zenu."

Sikudhani aliutazama ule ukuta wa majani.

"Kibuyu kinaelea juu. Kamba inashuka. Kitu kiko chini."

"Ndiyo."

"Mama, kibuyu hakijifungi chenyewe kwenye kamba."

Kisu cha Bi Asteria kilisimama katikati ya uzi. Alikitazama kile alichokuwa akikikata, kasha, kamba, fundo, kama mtu anayeona mkono wake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Mimi niliambiwa nikate," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa msichana. Nikakata."

"Yule Mshale. Anafanya nini pale?"

"Anavua."

"Umewahi kumwona na samaki?"

Bi Asteria alikaa chini kwenye jiwe lake la kufulia. "Zamani walikuwa wengi," alisema. "Mitumbwi kumi, ishirini, kila mmoja na duara lake. Tuliwapigia kelele waondoke, wanatuchafulia maji. Wakachoka, mmoja mmoja. Huyu tu ndiye hajachoka. Alianza siku chache baada ya mimi kukutoa wewe."

"Ulinitoa wapi?"

Bi Asteria aliinua kisu na kuonyesha kwa ncha yake, juu ya ukuta, juu ya majani, hadi majini. Alionyesha katikati kabisa ya duara la Mshale.

Mzunguko wa pili ulikuwa umekwisha. Fundi alionekana akikoroga udongo mbele ya mlango wa kushoto, akipiga mluzi.

Sikudhani alipita chumba cha vitabu kwanza. Kitabu kilikuwa wazi alipokiacha. Alilisoma lile neno la tatu, kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Lilikuwa lagan. Ni mali iliyoshushwa majini na wenyewe wakati wa hatari, ikafungiwa boya, ili wakirejea waipate. Asili yake, kitabu kilisema, haijulikani kwa hakika. Wapo wanaodhani lilitoka kwa watu wa kaskazini, katika neno la wavu uliotegwa majini, ambalo ni ndugu wa neno la kulala na kulaza. Alisoma mara mbili. Kwa hiyo mkono ulikuwapo, kama katika jetsam, ulichagua, ukaachia. Lakini kabla ya kuachia ulifanya kazi moja zaidi. Ulipiga fundo. Na fundo ni jambo gumu katika dhoruba. Linataka vidole visivyotetemeka, linataka muda ambao chombo hakina. Yule anayekusudia kusahau hapotezi muda huo. Sikudhani aligundua kwamba maisha yake yote alikuwa akiuliza swali lenye milango miwili, nilipotea au nilitupwa, kwa sababu tu waliolijenga jumba walikuwa na mbao za milango miwili. Waliookota waliyaona mambo mawili, kwa kuwa walitazama juu na chini. Hawakuitazama kamba. Kamba ndiyo waliyoikata kwanza.

Alirudi ofisini.

"Bwana Mtengeti, naomba kibuyu."

"Pale mezani kuna bilauri."

"Naomba hicho hicho."

Alikishusha mwenyewe. Alikuwa amekunywa kwacho tangu alipojua kunywa. Kilikuwa cheusi kwa kushikwashikwa. Aliusugua mviringo wa chini kwa kidole chenye mate, na uchafu ukatoka, na pale ulipotoka palikuwa na alama iliyochomwa kwa moto: nukta tatu ndani ya duara.

Alimwonyesha. Kisha akamweleza, kwa sentensi fupi, kwa mpangilio, jinsi Mtengeti mwenyewe alivyopenda kuelezwa: beseni, kamba, kibuyu, duara, Mshale. Alipomaliza, hakuna aliyeipitisha rula hewani.

"Miaka yote hii," alisema Mtengeti, "tumeunywea wito wa watu."

"Hatukujua."

"Mimi ni karani mkuu. Kazi yangu ni kujua." Aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa kadi iliyochakaa, pembe zake zimekuwa laini kama kitambaa. Aliiweka mezani na kuigeuza ili Sikudhani aisome. *Kapu la ukindu. Ndani yake, mtoto wa kiume, hai. Kina: pima sita. Kamba: imekatwa. Jina alilopewa: Mtengeti. Jetsam.*

"Nilikuwa naingia kuisoma kila siku," alisema. "Kila siku, Bi Sikudhani, kabla ya chai. Mwishowe nikaichukua, nikaona haitoshi, mguu bado unanipeleka kule. Ndipo nikamwita fundi."

Sikudhani alimsogezea bilauri ya maji. Mzee yule aliitazama, akaikataa kwa kichwa.

"Unadhani wangu alizunguka?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu wa miaka saba.

"Kamba ilikatwa. Basi ilikuwapo."

"Na akachoka."

"Alichoka kwa sababu hakuona kitu. Sasa tutampa kitu cha kuona."

Walitoka uani pamoja. Bi Asteria alikuwa ameshaelewa kabla ya kuambiwa. Alikuwa akizifungua kamba zake za kuanikia nguo, ambazo zote, moja moja, zilikuwa zile zile alizozikata. Alilia huku akifungua, na huku akilia alimgombeza karani mkuu.

"Umesimama hapo na rula yako kama mnara! Shika ncha hiyo. Na unajua kupiga fundo, au unajua kupiga mistari tu?"

"Sijui, mama."

"Basi leo utajua."

Sikudhani aliyamwaga maji yaliyobaki kibuyuni. Alitafuta gunzi kavu jikoni, akalichonga, akalikaza kwenye shingo ya kibuyu mpaka likalia. Alikifunga kwenye ncha ya kamba. Hakuna aliyemfundisha fundo lile. Vidole vilikwenda vyenyewe, mara mbili kulia, mara moja chini. Alishuka ngazi, akaifunga ncha nyingine kwenye pete ya chuma ya ngazi ya mwisho, na akakisukuma kibuyu majini. Kiliyumba, kikazama nusu, kikainuka na kugeuza alama yake juu. Nyuma yake vilishuka vingine, vikavu vya zamani na vibichi vya ukutani. Wakaazi wa jumba walikuja mmoja mmoja na kadi zao mikononi, kila mtu akiuliza, "Changu kilikuwa kipi?" Bi Asteria hakuvikumbuka vyote. Aliyekosa chake alichuma kipya ukutani, akachora alama ya kitu alichokutwa nacho. Yule bibi aliyekataa kurudishwa naye alikuja, akachagua kikubwa kuliko vyote.

Wapo waliokaa pembeni bila kusogea. Kadi zao zilisema *Kamba: haikuwapo.* Bwana Mtengeti aliwaona. Alikwenda kwao na kibuyu mkononi, akasema, "Hiki kina nafasi ya alama mbili." Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akisema jambo lisilo katika kanuni.

Sikudhani alipanda juu kuchukua ubao na rangi. Aliandika kibao cha kwanza, *Vilivyoelea.* Akaandika cha pili, *Vilivyotupwa*, kwa kuwa neno hilo nalo ni la kweli na lina wenyewe. Akachukua ubao wa tatu. Kwa muda mrefu brashi ilibaki hewani. Kisha akaandika *Vilivyolazwa*, akapuliza rangi ikauke.

"Mlango wenyewe uko wapi?" aliuliza fundi, mwiko mkononi. "Hiki hakina mlango."

"Utautoboa."

"Niliitwa kuziba, dada."

"Muulize karani mkuu."

Fundi alimgeukia Mtengeti, aliyekuwa kwenye ngazi ya chini, suruali imelowa hadi magotini. "Mzee, nianze? Mzunguko wa tatu bado?"

Bwana Mtengeti aliangalia majini, na watu wote wakaangalia naye. Mshale ulikuwa umefika robo tatu ya mwendo wake. Ulisimama. Kwa mara ya kwanza tangu watu walipoanza kuhesabu, mtumbwi ule ulikaa kimya juu ya maji, na aliyekuwamo aliinuka taratibu, mkono juu ya macho, akitazama upande wa jumba.

"Haujakwisha," alisema Mtengeti. "Wala hautakwisha."

Ncha ya mtumbwi iligeuka. Ikalikata duara lake, ikaja moja kwa moja.

Sikudhani aliuweka ubao chini na kuanza kushuka. Kwenye ngazi ya kwanza alikuwa na miaka thelathini na minne. Alipofika katikati alikuwa na miaka sita. Aliendelea kushuka, na miaka ikaendelea kumwacha bila maumivu, kama maji yanavyomwacha mtu anayetoka kuoga. Yule mama mwenye kitambaa cheupe alikuwa ameshakishika kibuyu, anakigeuza, anaipapasa alama kwa kidole gumba, anaivuta kamba mkono kwa mkono. Mtumbwi ulipogusa ngazi, Sikudhani alikuwa na umri ule ule aliokuwa nao siku alipolazwa, na hapakuwa na haja ya kuulizana majina.